Boti ya alumini inatoboka chini. Nimeuziwa bati bovu au kosa ni langu?

Mwana_Kilindoni aliandika:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu na boti za alumini, maana usingizi umenipaa.

Nina boti ya alumini ya mita saba na nusu, mashine moja ya farasi 60. Niliinunua Dar ikiwa imetumika, mwaka juzi. Inabeba abiria na mizigo kati ya Kilindoni na Nyamisati: unga, sukari, saruji, wakati mwingine pikipiki. Kabla ya hapo nilikuwa na mashua ya mbao ya marehemu baba. Nilichoka kuikalafati kila msimu, watu wakaniambia alumini haishiki kutu, nikauza kipande cha shamba la minazi nikaichukua hii.

Bamvua iliyopita niliipandisha mchangani nikaikwangua chini. Upande wa tezi (nyuma), kulia kwa mkuku (uti wa chini wa boti), kuna vishimo kama thelathini vimejipanga. Vingine ncha ya msumari inazama. Viwili vimetoboka kabisa. Ndani, kwenye bolti za stenlesi zilizoshika viti, kumefura na kuna unga mweupe kama chumvi iliyolowana.

Aliyeniuzia aliniambia bati ni "alumini ya meli". Fundi mmoja hapa kisiwani anasema nimeuziwa alumini ya sufuria. Mwingine ananiambia nibandike bati juu kwa ribiti nimalize. Nani mkweli? Na bati hili ninaweza kulitambua vipi kama ni zuri au bovu?

Baharia_Mkongwe alijibu:

Mkuu usihangaike. Ziba vitundu kwa epoksi, halafu paka ile rangi nyekundu ya chini ya meli makoti matatu. Mimi boti yangu ya faiba naipaka hiyo kila mwaka na hakuna kinachoganda.

FundiArgoni alijibu:

Mwana_Kilindoni, tafadhali usipake hiyo rangi kabla hujanisikiliza. Na Baharia, kwa faiba uko sahihi kabisa, kwa alumini rangi hiyo ni sumu. Nyingi ya zile nyekundu zina oksidi ya shaba, ndiyo inayofukuza viumbe visigande. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi havikai nyumba moja.

Nimechomelea alumini miaka 22, saba ya mwanzo nikiwa Muscat kwenye karakana ya boti za doria na za uvuvi, iliyobaki hapa kwetu pwani. Boti zenye ugonjwa kama wa kwako nimezipokea nyingi, na mara chache sana kosa lilikuwa la bati. Kwa hiyo nakuuliza kwanza:

Sakafu ya ndani umeweka mbao gani, na zimelala juu ya bati moja kwa moja? Chini ulipaka nini tangu uinunue? Waya hasi wa taa na pampu umeufunga wapi? Mfuko wa saruji umewahi kupasuka ndani ya boti? Na ngama, yaani pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, unaikausha mara ngapi?

Jibu kwa ukweli, hata pale unapoona aibu.

Mwana_Kilindoni alijibu:

Shikamoo fundi. Najibu yote.

Sakafu ilikuja na bati la mistari lililochakaa, nikalitoa nikaweka mbao. Nilichukua zile zilizotiwa dawa, za kijani, za kuezekea, kwa sababu haziozi. Zimelala juu ya bati, nimezikaza kwa skrubu kwenye mataruma (mbavu za ndani za boti).

Chini nilipaka mwaka wa kwanza deheni, kama baba alivyokuwa anapaka mashua. Mwaka jana nikapaka hiyo rangi nyekundu.

Waya hasi wa taa ya mlingoti na wa pampu, fundi umeme aliufunga kwenye ubavu wa boti, akasema boti yote ni chuma kwa hiyo inapitisha umeme, tunaokoa waya.

Saruji imepasuka, mara mbili nadhani. Tulifagia tukamwaga maji ya bahari. Ngama ina maji kidogo siku zote, hayafikii mbao. Au yanafikia kidogo boti ikiinama.

FundiArgoni alijibu:

Marahaba mwanangu. Umenieleza kila kitu, na sasa nina hakika kwa sehemu kubwa. Kaa tuongee, jibu langu ni refu.

Kwanza hilo la "alumini haishiki kutu". Ni kweli nusu. Kutu ile nyekundu ni ya chuma. Alumini yenyewe ni metali yenye hasira kuliko chuma, inataka kuungana na oksijeni muda wote. Kinachoiokoa ni kwamba ukiikwangua, papo hapo inajivika utando wa oksidi, mwembamba wa nanomita chache tu, mgumu, umeshikamana na metali yenyewe. Kutu ya chuma inabanduka na kuacha chuma kipya wazi. Utando wa alumini haubanduki. Ukichubuka na hewa ipo, unajirudisha.

Kwa hiyo boti yako inaishi kwa huo utando, na kazi yako ni kutouchokoza. Unastahimili vizuri maji yasiyo makali, pH (kipimo cha utindikali au umagadi, 7 ni katikati) kuanzia kama 4 hadi 8 na nusu hivi. Maji ya bahari ni karibu 8, yamo ndani ya mpaka, ila chumvi yake ina kloridi, na kloridi hutafuta pale utando ulipo dhaifu ikatoboa shimo dogo. Ndiyo maana alumini haichakai sawasawa kama chuma. Bati lote linang'aa, pembeni kuna tundu.

Sasa tuje kwenye aina za bati. Alumini safi ni laini kama nta, hakuna anayejenga boti nayo. Inachanganywa, na kilichochanganywa ndicho kinachoamua. Namba yenye tarakimu nne ndiyo kabila lake. Zinazoanza na 2 zina shaba: 2024 ina shaba asilimia 3.8 hadi 4.9, ina nguvu sana, inafaa ndege, baharini bila kinga inaliwa vibaya. Zinazoanza na 5 zina magnesi: 5083 ina magnesi asilimia 4 hadi 4.9 na manganizi kidogo, hiyo ndiyo bati la boti na meli kila mahali. Zinazoanza na 6 zina magnesi na silikoni, ndizo fremu za madirisha, mabomba na mataruma. Zinazoanza na 7 zina zinki, na 7075 ina shaba pia. Mtu akisema "alumini ya meli" muulize namba. Akikosa namba, hajui anachouza.

Kuna kipimo cha mtaani ambacho hakidanganyi sana. Chukua soda kaustiki ya watengeneza sabuni, gramu 10 kwenye mililita 90 za maji. Tia soda ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda, na vaa miwani na glavu, inaunguza jicho kabisa. Kwangua sehemu ndogo ndani ya boti mpaka metali ing'ae, dondosha tone moja, subiri dakika tano, suuza kwa maji mengi. Pakigeuka peusi tii, kuna shaba ndani ya mchanganyiko, na hapo kweli umeuziwa bati lisilofaa. Pakibaki peupe au kijivu hafifu, hakuna shaba ya kutisha. Kipimo hiki hakitakuambia kama ni 5083 au 5086, ila kitakutoa wasiwasi mkubwa.

Mimi nadhani litabaki jeupe. Bati la shaba lingekuwa limeliwa huku na kule, na wewe unasema vishimo vimejipanga upande mmoja. Vikijipanga, kuna kitu kimelala juu yake. Toa mbao zako za sakafu, nina hakika utakuta vishimo vinafuata mbao.

Zile mbao za kijani, ukijani wake ni dawa ya shaba, kromi na arseniki. Kwenye paa hazina ubaya. Ndani ya ngama yenye maji ya chumvi, shaba inatoka kidogo kidogo, inayeyuka, inafika kwenye bati na kuganda hapo kama vumbi laini usiloweza kuliona. Kila punje inakuwa betri: shaba upande mmoja, alumini upande wa pili, maji ya chumvi katikati. Katika betri hiyo anayeliwa ni alumini siku zote. Na chini ya ubao hewa haifiki, kwa hiyo utando hauwezi kujirudisha. Ubao mbichi juu ya alumini ni mbaya hata usipotiwa dawa. Wako ulikuwa na mabaya yote mawili.

Muscat, mwaka wangu wa kwanza, kuna boti ilirudi karakana baada ya miezi michache ina ufa mwembamba chini, umepinda kama mnyoo. Tulipofungua sakafu tukakuta mabaki ya kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole, kilichodondoshwa na aliyefunga umeme. Tundu lilikuwa na umbo la waya. Tangu siku ile sifungi sakafu ya boti kabla sijapitisha kiganja changu ngama nzima. Hata sarafu ikidondoka humo, itafute mpaka uipate.

Saruji na deheni ni ugonjwa wa aina nyingine. Alumini inaliwa na tindikali na inaliwa pia na kitu kikali cha upande wa pili, kama magadi, chokaa na saruji mbichi. Saruji iliyolowana ina pH ya 12 na zaidi. Utando unayeyuka na metali inaanza kutoa mapovu ya hidrojeni. Deheni ya baba yako ilikuwa dawa ya mbao, chokaa na shahamu, na mashua ilidumu kwa ajili yake. Juu ya alumini chokaa ile haina rafiki. Saruji endelea kubeba, ndiyo riziki, lakini juu ya turubai nzito, na ikipasuka fagia ikiwa kavu kabisa, kisha osha kwa maji mengi ya kisima.

Na umeme. Yule fundi alikosa. Boti ya alumini haitumiwi kama waya. Kila taa na kila pampu iwe na waya zake mbili mpaka kwenye betri. Umeme ukipita kwenye bodi na ukapata njia ya kutokea majini, unaondoka na metali, na kwa njia hiyo kilichokuwa kinachukua miaka kinaweza kuchukua wiki.

Unga mweupe kwenye bolti ni jambo dogo kuliko yote. Stenlesi nayo inamla alumini, ila bolti ni ndogo na bati ni kubwa, madhara yanabaki pale pale pembeni. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: kipande kidogo cha alumini kwenye uwanja mkubwa wa shaba au stenlesi hakidumu. Fungua bolti, weka bushi na washa za nailoni, jaza gundi ya kuzibia maji ili maji yasiingie kati.

Usijione mjinga. Mwaka 2011 Jeshi la Majini la Marekani lilitangaza kwamba meli yake ya kivita USS Independence, ya alumini, imekutwa ikiliwa vibaya eneo la mitambo ya kuisukuma, pale alumini inapokutana na metali nyingine. Ilikuwa imeanza kazi rasmi Januari 2010. Wale wana wahandisi na maabara.

mama_wawili alijibu:

Samahani naingilia. Sufuria yangu nikipikia maharage kwa magadi inakuwa nyeusi ndani. Ni hilo hilo la chokaa analosema fundi? Na mbona nikichemshia ukwaju inang'aa tena?

FundiArgoni alijibu:

Ndilo dada yangu. Magadi yanakula utando wa sufuria, na weusi ni mabaki ya vitu vingine vilivyomo kwenye mchanganyiko pamoja na utando mpya uliojengeka vibaya. Ukwaju ni tindikali, unaondoa ile tabaka nyeusi na metali kidogo nayo inaondoka. Usikilaze chakula cha ukwaju, ndimu au nyanya ndani ya sufuria usiku kucha. Na zile sufuria za kusubu kutokana na vyuma chakavu, humo kuna pistoni, fremu na kila kitu, shaba ikiwemo, ndiyo maana baadhi zinatoboka vitundu mapema.

Ribiti alijibu:

Niongeze kidogo kutoka upande wa ndege, nimefanya kazi ya mabati ya ndege kwa muda. Fundi kasema 2024 inaliwa baharini, na watu watauliza basi ndege zinaishije. Bati la 2024 la ngozi ya ndege mara nyingi huvikwa pande zote mbili tabaka jembamba la alumini karibu safi. Tabaka hilo linaliwa kwanza badala ya bati la ndani. Ukiling'arisha kupita kiasi au kulikwangua kwa msasa unakuwa umeivua ndege nguo.

Na ukaguzi ukilegea hali inakuwa hivi: tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Boeing 737 ya Aloha Airlines, huko Hawaii, ilifumuka paa la mbele ikiwa angani, kama mita tano na nusu za bodi zikaondoka. Mhudumu mmoja alifariki, rubani akaitua ikiwa hivyo hivyo. Ilikuwa imeruka karibu mara 90,000, safari fupi fupi kati ya visiwa, kwenye hewa ya chumvi. Gundi ya maungio ya mabati ilikuwa imeachia, unyevu ukaingia, ulikaji na uchovu wa metali vikasaidiana kwenye mistari ya ribiti. Kwa hiyo Mwana_Kilindoni, wanaokuambia ubandike bati juu kwa ribiti wanakuundia maungio kama yale, maji ya chumvi yakae katikati usiyaone.

FundiArgoni alijibu:

Ahsante sana Ribiti, umenitangulia. Bati juu ya bati, hapana. Epoksi juu ya tundu, hapana, labda ya kuifikisha kwa fundi tu bila abiria.

Mwanangu, sehemu yenye vishimo ikatwe itolewe, kona za tundu ziwe za mviringo, siyo za pembe, maana ufa huanzia kwenye pembe. Kipande kipya kiwe 5083 ya unene ule ule, na mwishoni pawe pameandikwa H116 au H321, hiyo ndiyo iliyotayarishwa kwa bahari. Waya wa kuchomelea 5183, ukikosekana 5356. Usikubali 4043, ni waya mzuri kwa alumini yenye silikoni lakini kwenye 5083 unaacha mshono unaovunjika. Gesi ni agoni tupu. Rangi, mafuta na chumvi vitoke kabisa kwanza, na siku ya mvua asichome.

Ujue pia mahali palipochomwa panapungua nguvu. 5083 inapoteza kiasi na kubaki na nguvu ya kutosha. 6061 iliyopikwa joto inapoteza karibu nusu yake pembeni ya mshono. Ndiyo maana chini ya boti tunaweka 5083 na ile ya 6 tunaiacha kwenye reli na mataruma.

Ikishachomwa, ifunge zinki za kafara nje, karibu na tezi, zigusane metali kwa metali na bodi, na usizipake rangi kamwe. Zinki inaliwa ili boti isiliwe. Ukipata zile za alumini iliyochanganywa na metali iitwayo indi ni bora zaidi na nyepesi. Magnesi usifunge, hiyo ni ya maji baridi kama Ziwa Victoria. Kwenye chumvi inavuta kupita kiasi mpaka inaizalishia alumini ukali wa magadi juu ya ngozi yake na kubandua rangi. Zinki ikifika nusu, badilisha.

Rangi ya chini iwe isiyo na shaba, juu ya praima ya epoksi. Ile nyekundu iondolewe yote kwanza, usifunike. Ukikosa hiyo rangi, afadhali uipandishe boti kila bamvua uisugue kwa brashi ya plastiki.

Mwana_Kilindoni alijibu:

Fundi, nimetoa mbao jana asubuhi maji yalipokupwa. Vishimo vyote thelathini viko chini ya mbao mbili za kulia. Penye mwanya kati ya ubao na ubao, bati linang'aa halina kitu. Nilikaa chini mchangani nikatazama tu.

Nimedondosha soda kama ulivyoelekeza, sehemu tatu tofauti. Pamebaki peupe. Kumbe bati lilikuwa zima, na yule mzee aliyeniuzia nimemtukana bure kwa simu mwezi uliopita. Nitampigia leo.

Waya nimezifungua zote. Chini ya pampu nimeokota sarafu mbili na kipande cha waya wa shaba. Abiria nimewahamishia boti ya ndugu yangu mpaka kazi iishe. Nimempata mchomeleaji Dar anasema agoni anayo na 5183 anayo. Kuna jambo lolote nimuulize kabla sijapeleka boti?

FundiArgoni alijibu:

Mwambie akuoneshe brashi yake ya waya. Iwe ya stenlesi, na iwe haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwa sababu punje za chuma zitabaki kwenye mshono na vishimo vitaanza upya hapo hapo. Akikuonesha brashi yenye kutu, mnunulie mpya kabla hajawasha mashine.